Tarti Isiyo na Pomu

Gari lilisikika kabla halijaonekana.

Asubuhi ile ukungu wa Masisi ulikuwa umeshuka mpaka magotini mwa ng'ombe, na Godelieve, mwenye kibuyu cha maziwa kichwani, hakuona mbele yake ila majani ya kando ya njia. Alisikia mngurumo tu. Ulipanda mlima, ukakatika kama mtu anayetafuta pumzi, ukarudi tena ukiwa karibu zaidi. Wanawake waliokuwa wakichuma maua ya pareto kwenye mtelemko walinyamaza, wakasikiliza. Mmoja akasema hilo si lori la samaki la Bweremana, maana lori la samaki linakohoa na hili linaimba. Wenzake wakacheka.

Godelieve hakucheka. Alijua gari lile limembeba nani, na alijua kwamba halikupaswa kufika leo. Moyo ulimpiga mbavu kama mbuzi aliyefungiwa anavyopiga mlango. Akakitua kibuyu majanini, jambo ambalo binti wa Nzabandora hajawahi kulifanya kwa maziwa ya baba yake, akakimbia kurudi kwao.

Ndani ya gari alikuwa baba yake Madamu. Madamu mwenyewe alikuwa mke wa mwenye shamba, Mzungu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Tumbako kwa ajili ya kiko chake kisichozimika. Mzee huyo alikuja kumtazama binti yake mwaka mmoja kabla ya vita vya Wazungu. Vita vikaifunga bahari nyuma yake, na tangu hapo alikuwa Bukavu kwa masista, akiugua na kuiota nchi yake. Aliomba kitu kimoja. Kabla hajafa, aonje tena tarti ya mapomu, lile andazi la duara lenye matunda ndani, ambalo marehemu mke wake alimpikia kila Jumapili. Na pomu, tunda la Ulaya, halikuonekana tena Kivu nzima, hata la mkebe, tangu meli zilipoacha kuja. Lilikuwapo mahali pamoja: nyuma ya nyumba ya Madamu, kwenye mti alioupanda kwa mkono wake, mti uliochanua bure miaka na miaka, na mwaka ule, kwa mara ya kwanza, ukazaa.

Madamu aliyachuma mwenyewe, akayapanga kikapuni kama mayai, akampa mpishi wake, Evode. Akamwambia kwamba hayo si matunda, hayo ni macho yake mawili.

Na Evode akampa Godelieve.

Usimcheke, msomaji. Mapomu yale yalikuwa ya kijani, magumu kama mawe ya kusagia, machachu ya kukunja uso. Evode alikuwa ameshapika tarti kabla ya vita, lakini kwa mapomu ya mkebe, laini, ya manjano, yanayoteleza. Akawaza kama angewaza mtu yeyote aliyelelewa chini ya migomba: kitu kibichi huvundikwa mpaka kiive. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna pomu ambalo huiva likiwa kijani na kupikwa likiwa gumu. Nyuma ya nyumba ya kina Godelieve palikuwa na shimo la kuvundikia ndizi za pombe, lenye majani na udongo juu na mdomo wa moto pembeni, na mlima wote ulijua kwamba ndizi zikivundikwa na Godelieve huiva zote siku moja, kama zimeapishwa.

"Mukono yako haiharibu kitu," Evode alimwambia siku ile alipompa kikapu. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko maneno yenyewe, na kwa mtazamo ule angempa hata kichwa chake akivundike.

Basi, mkono huo ukaharibu. Kwa haraka ya mapenzi Godelieve aliongeza moto kwenye mdomo wa shimo, akaongeza tena, ili mapomu ya mpenzi wake yaive upesi. Sasa alipiga magoti akifukua kwa vidole. Juu, ndizi zilikuwa nzuri, zinang'aa. Chini, karibu na moto, mkono wake ulizama katika kitu vuguvugu kama uji uliolala. Akatoa ganda la kahawia. Akatoa jingine. Harufu kali ikampanda puani. Alitafuta hata moja lililosalia, na halikuwapo. Akarudisha vyote, akafunika, akajifuta mikono kwenye kikwembe, kitambaa alichojifunga kiunoni, akaelekea jikoni kwa Madamu.

Jiko lilikuwa nyumba ndogo ya mawe, mbali kidogo na nyumba kubwa. Evode alikuwa akinyonyoa kuku mlangoni. Alikuwa kijana mrefu, mwenye kiburi cha kutembea wima hata akibeba maji machafu, na alipomwona anakuja alianza kutabasamu. Kisha akaona mikono yake kabla hajauona uso. Tabasamu likafa.

"Yote?" aliuliza.

"Yote. Imekuwa uji." Godelieve alishika mwimo wa mlango. "Njo mimi niliharibu, Evode. Niko naenda kumwambia Madamu sasa hivi."

"Hauendi."

"Juu ya nini?"

"Sababu njo mimi nilikupatia. Macho ya Madamu, nilitoa mimi mu nyumba yake."

Wakatazamana. Wote wawili walikuwa wakiona kitu kimoja, wala hakikuwa na haja ya kutajwa. Mwezi uliopita mtu mmoja alivunja taa ya Bwana Tumbako. Walimlaza kifudifudi kwenye uwanja wa kuanikia pareto, suruali ikiwa magotini, wafanyakazi wote wamepangwa kutazama, akapigwa kiboko mpaka akaacha kulia. Na mkono ulioshika kiboko ulikuwa wa kapita wa shamba, msimamizi wa wafanyakazi. Kapita wa shamba alikuwa Nzabandora, baba yake Godelieve.

Evode hakuogopa maumivu. Aliogopa mkono ule. Katika milima ile kijana anayetaka binti wa mtu humpisha baba wa binti kwa kuingia majanini. Hawatafuni chakula wakitazamana, na mmoja akilazimika kula mbele ya mwenzake humgeuzia mgongo kwa heshima. Sasa kijana aliyelazwa chini, akavuliwa, akaonwa uchi wake na baba mkwe, ataingilia mlango upi? Hapo si suala la hasira, hasira hupoa. Ni aibu ambayo hakuna mbuzi wala ng'ombe wa kuiosha. Siku Nzabandora atakayompiga Evode, siku hiyohiyo Godelieve atakuwa amekwisha kuolewa na mtu mwingine.

Na mtu mwingine alikuwapo. Nzabandora hakumtaka Evode tangu mwanzo. Alisema kijana yule katoka misitu ya Walikale, kwa watu ambao ng'ombe wanamjua kwa kusimuliwa. Lakini hilo angelimeza. Lililomkwama kooni ni kwamba Evode anapika. Mwanaume anayepuliza moto wa chakula, alisema, siku moja ataomba na mtoto anyonyeshe. Aliapa kwamba mguu wake hautavuka kizingiti cha jiko lile hata nyumba iwake moto. Binti yake angempa Mbonigaba, mwenye ng'ombe wasioisha kupita, na ndizi zile zilizokuwa shimoni zilikuwa za pombe ya kumpokea Mbonigaba. Godelieve alikuwa amechochea moto chini ya ndoa asiyoitaka, akaiunguza ile anayoitaka.

Dirisha la nyumba kubwa likafunguka. Sauti ya Madamu ikaja kupitia ukungu, nyepesi, yenye machozi ya furaha, wala hawakumwona mwenyewe. Alisema baba yake amefika mapema, amechoka, lakini ameshauliza. Tarti iwe mezani saa kumi, pamoja na kahawa.

"Ndiyo, Madamu," Evode akajibu.

"Na maganda usitupe. Nitapika jeli."

"Ndiyo, Madamu."

Dirisha likafungwa. Godelieve alijikuta amekaa chini, kwenye manyoya ya kuku. Tarti wangeweza kusema imeungua. Maganda wangeyatoa wapi?

Evode aliyaacha maji yaliyokuwa motoni yamwagike. Kisha akaenda kwenye kabati, akatoa debe la biskuti za askari, au basoda kama walivyoitwa shambani, zile ambazo Bwana Tumbako alinunua shehena nzima vita vilipoanza na ambazo hakuna jino lililozipenda. Akachukua moja, akaivunja ukingoni mwa meza. Ilipasuka kama kigae.

"Siku moja biskuti ilianguka mu chai yangu," alisema polepole, kama anayeongea na mtu aliye mbali. "Chai ilikuwa na sukari mingi. Nikasahau. Nikarudi, nikaitoa na kijiko, nikakula. Gode, nilisadiki niko nakula pomu ya mukebe."

"Utamupa muzee ya watu biskuti ya basoda?"

"Nitamupa pomu. Nitaipika mimi."

Godelieve alimtazama akafikiri ameingiwa na wazimu, na kwa kuwa hakuwa na kingine cha kushika, akaushika wazimu huo. Akafunga kikwembe vizuri, akanawa, akaingia. Ilikuwa mara ya kwanza kuvuka kizingiti kile; siku zote alikabidhi maziwa mlangoni. Binti peke yake na kijana chini ya paa moja, mchana kweupe; hilo nalo lilikuwa kosa, lakini siku ile makosa yalikuwa yamepangana, hili likasubiri zamu yake.

Evode alikanda unga na siagi na yai, akautandaza kwenye sinia. Sukari aliichemsha na maji mpaka ikawa nzito, ya rangi ya asali. Biskuti alizilainisha kidogo kwa maji ya moto, akazikata vipande vyembamba, vya upinde, kama mtu anayemenya tunda lisiloonekana, akavitumbukiza kimoja kimoja asivivuruge. Akatia mdalasini kutoka mkebe mdogo ambao Madamu aliufungia kama dawa. Mvuke ukapanda, mtamu, na kwa kitambo Godelieve akasahau kuogopa. Evode alichota kwa ncha ya kijiko, akapuliza, akampelekea mdomoni. Macho yake yalikuwa karibu mno. Godelieve alionja akiwa ameyafumba yake, maana hakuweza mambo yote mawili pamoja.

"Basi?"

"Iko tamu kama mutoto mwenye kudekezwa," alisema. "Haina ukali. Ile pomu yenu ilikuwa inakata ulimi."

Evode akakubali kwa kichwa. Siki ilikwisha tangu mwaka jana, na ndimu za bondeni hazingefika kabla ya kesho. Akaanza kuzunguka jiko akifungua mikebe mitupu na kuifunga, na hofu ikamrudia Godelieve yote kwa pamoja kama maji ya mto baada ya mvua. Hapo akakumbuka utoto wake nyuma ya ng'ombe, kiu ya mchana, na majani mekundu kwenye shina ambayo wachungaji hutafuna ili mate yaje, machachu hata macho yanafumba yenyewe. Alitoka mbio, akapotea ukunguni, akarudi na kikwembe kimejaa majani.

Waliyaponda, wakayakamua kwa kitambaa. Maji yake yalikuwa ya kijani, na Evode aliyamimina kidogo kidogo, sukari ya asali ikayameza. Wakaonja tena. Wakatazamana. Evode akageuka upesi kuelekea motoni, na Godelieve akajua amegeuka ili asimshike mkono.

Tarti ikaingia tanurini. Walikaa pande mbili za jiko, wakisikiliza kuni. Kila hatua nje ilikuwa ya Madamu. Kila mlango uliogonga ulikuwa wa Bwana Tumbako. Godelieve alimwomba Bikira Maria kimoyomoyo, kisha akaona haya kumwomba msaada wa kudanganya mgonjwa, akaomba msamaha, akaomba tena msaada. Alimwuliza Evode kama anaogopa. Evode akasema hapana. Baada ya kitambo akasema ndiyo, na kwamba hajawahi kumwambia mtu neno hilo, wala asimwambie mtu.

Saa kumi ilipogonga nyumba kubwa, alivaa koti lake jeupe, akaibeba tarti kwa mikono yote miwili. Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililotisha. Ilikuwa nzuri kama uongo mzuri. Mlangoni akasimama.

"Wakiniita inje, usitoke," alisema. "Ukae hapa. Usione."

Akaenda. Ukungu ulikuwa umeondoka, na Godelieve alimwona mpaka alipomezwa na mlango wa nyumba kubwa. Kisha kimya. Kijiko kiligonga sahani. Mtu alikohoa, kikohozi cha mzee. Godelieve aliuma ncha ya kikwembe.

Kivuli kikaanguka kizingitini.

Alikuwa baba yake. Alisimama nje, vidole vya miguu vikiwa sawasawa na kizingiti, kofia yake ya ukapita kichwani, kiboko kimening'inia kiunoni. Mikononi alishika jani la mgomba lililofungwa, na maji ya kahawia yalikuwa yakidondoka kutoka ndani yake.

"Nimefungua shimo," alisema Nzabandora.

Godelieve alisimama.

Baba yake alieleza kwa sauti ya chini, ileile aliyotumia mbele ya waliokosa. Alisema ndizi zimeiva, na chini ya ndizi amekuta mali ya Madamu imeoza. Alisema mwizi ni mtu wa jiko, hana haja ya kutafutwa, na kwamba mwizi huyo amemdharau kiasi cha kuficha wizi wake katika shimo la kapita. Amekuja kumngojea. Kisha macho yake yakazoea giza la ndani, akaona unga kwenye mikono ya binti yake, na sukari kwenye mdomo wake.

"Njo mimi niliweka, Papa."

"Nyamaza."

"Si mwizi. Alinipatia nivundike, ziive. Njo mimi niliongeza moto. Kama ni kupiga, unipige mimi."

Nzabandora alimtazama binti yake kwa muda ambao Godelieve hataweza kuusahau. Hakuonyesha hasira. Alikuwa kama mtu aliyeinua jembe akaona kuna mguu chini yake. Maana kama ataita, Bwana Tumbako atauliza nani aliweka mapomu shimoni, na shimo ni la nani, na binti ni wa nani.

Kabla hajajibu, Evode alikuja akitembea haraka, uso umekauka. Alimwona kapita, akaona jani, akaona maji ya kahawia. Hakurudi nyuma. Aliingia majanini kumpisha, kama kijana anavyompisha baba mkwe, kisha akapita kando akaenda kusimama mbele ya Godelieve.

Na nyuma yake akaja Madamu.

Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema baba yake amekula, ameomba tena, amekula. Alisema amemwita kwa jina la utotoni, jina ambalo hajalisikia tangu mama yake azikwe. Alitaka kumshukuru Evode, na maneno hayakumtosha, akampigapiga begani kama mtu anayempongeza farasi. Kisha akajifuta pua, akatazama meza, ndoo, sakafu.

"Maganda iko wapi?" aliuliza.

Godelieve aliona mgongo wa Evode, namna mabega yalivyopanuka, akamjua: kiburi chake kilikuwa kinapanda, alikuwa anajiandaa kusema kweli, yote, na kujilaza mwenyewe uwanjani kabla hajalazwa. Alitaka kumvuta koti. Mkono ukakataa kuinuka.

Ndipo Nzabandora alipoinua mguu wake, akauvusha kizingiti cha jiko.

"Pardon, Madamu," alisema. Aliweka jani mezani, akalifungua. "Maganda iko hapa. Mupishi aliacha inje, mimi nikafikiri takataka. Nikakanyaga."

Madamu akainama. Yalikuwapo maganda, na mioyo ya mapomu, na mbegu zake nyeusi, vyote vimepondeka katika uji wa kahawia. Hakuna mtu duniani ambaye angesema hayo si mapomu.

"Kapita," alisema Madamu kwa uchovu, "hauna akili hata kidogo."

Nzabandora, ambaye watu wa shamba zima walisimama akipita, alivua kofia yake mbele ya mpishi.

"Ndiyo, Madamu."

Madamu akaguna, kisha, kwa kuwa furaha ilikuwa ingali ndani yake, akacheka. Alisema si kitu. Mwakani mti utazaa zaidi, na Evode atapika tarti nyingine, ladha iwe hiihii, asibadilishe hata kidogo. Akaondoka akifuta macho.

Hakuna aliyesogea mpaka mlango wa nyumba kubwa ulipofungwa. Kisha Nzabandora akatazama chini, akaona miguu yake iko wapi. Yote miwili ilikuwa ndani. Akavuta kigogo cha kuni, akakaa kando ya moto, akaweka kofia gotini. Alionekana mzee kuliko asubuhi.

Akauliza mle ndani ya tarti waliweka nini, kama mapomu ni haya. Evode akamwambia. Nzabandora akarudia maneno hayo taratibu, biskuti ya basoda na majani ya ng'ombe, kama anayesikiliza kesi. Kwenye sinia kilikuwa kimebaki kipande cha pembeni, kilichovunjika. Evode alikiweka kwenye kisahani, akakipeleka kwa mikono miwili, akaangalia pembeni.

Nzabandora akakipokea. Akakaa nacho kitambo. Kisha akajizungusha juu ya kigogo, akampa Evode mgongo, akaanza kutafuna.

Godelieve aliuona mgongo ule, na kilio alichokibana tangu asubuhi kikamtoka bila sauti. Mpishi hageuziwi mgongo. Mpishi huliwa chakula chake machoni pake. Aliyegeuziwa mgongo ni mkwe.

"Iko na ladha ya watu wenye woga," Nzabandora alisema akimaliza. Akajipangusa. Hakugeuka. "Ndizi za leo nitakamua, nitakunywa na majirani. Mbonigaba nitamwambia shimo iliharibika. Si uongo. Kesho nitavundika zingine. Zile zikiiva, sitakuwa na uongo mwingine wa kumpa Mbonigaba. Wajomba yako wa kuja kuposa wako wapi, weye kijana?"

"Walikale, Papa. Mbele ya Walikale, mu pori."

"Ni mbali. Iko mito, iko chui. Na kazi yako hapa?"

"Madamu leo hawezi kuninyima ruhusa."

"Na kama siku moja atajua? Akiuliza nani aliweka mapomu yake mu shimo?"

"Njo mimi. Leo ao mwaka kumi, njo mimi."

Nzabandora alishika mpini wa kiboko kiunoni, akauachia. Alisema kwamba hapo wataleta kapita mwingine wa kumpiga, kwa kuwa yeye hatampiga mtu aliyemgeuzia mgongo. Kisha akasema shimo la ndizi halimngojei mtu, awe mkwe ama mfalme.

Nje ukungu wa jioni ulikuwa umeanza kushuka tena. Kwa njia ile ya magharibi msitu ulingoja, na Godelieve aliuona wote kichwani, mweusi, wenye maji yanayoita majina ya watu. Hofu yake haikuondoka. Ilihama tu, ikatoka kwenye uwanja wa pareto ikaenda kukaa njiani. Alimtazama Evode, na mara hii Evode alimtazama yeye, mbele ya baba yake, bila kuficha kitu, huku akisema na mgongo wa mzee.

"Papa Nzabandora," alisema, na sauti yake ikajaa jiko lote, "funika shimo yako kesho. Mbele ya ndizi zile kuiva, asubuhi moja ya ukungu, utasikia wajomba yangu wanaimba mu ile njia. Hautatuona bado, lakini utatusikia. Nakuapia mbele ya Godelieve: utatusikia."